Mipira ya Uingereza, Dau la Naluwerere

Pale Naluwerere, Bugiri, mashariki mwa Uganda, malori yanapopumzika kabla ya kuendelea Kampala au kurudi mpakani Malaba, kuna kibanda cha kubeti ambacho ikifika saa moja na nusu usiku hujaa watu ambao mechi haiwahusu. Wanasubiri saa mbili kasoro dakika kumi na moja. Ndiyo saa ya droo ya jioni ya 49's, mchezo wa Uingereza wa kubahatisha namba zitakazotoka katika mipira 49, kwa majira yetu. Dereva mmoja, mtu wa makamo, alinionyesha risiti yake: namba mbili, 8 na 31, dau shilingi 2,000, odi 54, yaani akishinda analipwa dau mara 54. Zikitoka zote mbili katika mipira sita ya kwanza, analipwa 108,000.

"Uingereza sijafika," akaniambia, "lakini namba zao nazijua kuliko namba ya simu ya mke wangu."

Niliongea na watu kadhaa pale, na karibu wote waliamini wamenunua tiketi ya bahati nasibu ya Wazungu. Hawajanunua. Hakuna senti yao iliyovuka Malaba, achilia mbali bahari. Wamewekeana dau na mwenye kibanda: wewe unasema 8 na 31 zitatoka, yeye anasema hazitatoka, na droo ya ugenini ni mwamuzi tu. Odi imeshapangwa kabla mipira haijazunguka, haibadiliki hata wachezaji wakiwa elfu au mmoja. Ukipata, analipa yeye. Ukikosa, hela inabaki kwake.

Bahati nasibu ya kawaida haiendi hivyo. Kule fedha za wachezaji huingia chungu kimoja, mwendeshaji na serikali hukata chao, kinachobaki hugawiwa washindi. Ndiyo maana tarehe 14 Januari 1995, katika Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza, watu 133 walipata namba zote sita siku moja. Zawadi ya pauni milioni 16 ikakatwa vipande 133, kila mmoja akaondoka na pauni 122,510. Ni hela, lakini si ile waliyoiota. Dereva wetu hana wasiwasi wa namna hiyo. Hata kibanda kizima kikichagua 8 na 31, risiti yake inasema 108,000 na ni 108,000.

Hiyo ni faida ya kweli, na wanaoponda kamari huwa hawaisemi. Kuna nyingine: si lazima upate namba sita. Unachagua mwenyewe ukubwa wa ndoto, namba moja, mbili au tatu, halafu ukishinda unalipwa kwa shilingi kwenye simu, bila viza wala wakala wa kukufuatilia zawadi ng'ambo. Tena mwenye kibanda hana mkono kwenye mashine ya droo. Hawezi kuichezea.

Sasa tuje kwenye bei, maana odi ni bei. Katika mipira 49 kuna jozi 1,176. Mipira sita ikitoka inatengeneza jozi 15. Gawanya, unapata nafasi moja katika 78.4. Kama mchezo ungekuwa wa haki kabisa, dau la 2,000 lingelipa 156,800. Risiti inalipa 108,000. Tofauti, 48,800, ndiyo ada ya kibanda, na haijaandikwa popote. Kwa lugha nyingine, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye namba mbili, wachezaji kwa jumla na kwa muda mrefu hurudishiwa kama 69.

Kibanda hichohicho kilitoa odi 7 kwa namba moja. Nafasi ya namba moja ni sita katika 49, kwa hiyo zinazorudi ni karibu 86 katika 100. Kwa namba tatu odi ilikuwa 601 wakati nafasi halisi ni moja katika 921: zinazorudi zinashuka hadi 65. Kadiri ndoto inavyonenepa ndivyo kibanda kinavyokata zaidi. Na nani anacheza namba moja? Hakuna. Kushinda 14,000 hakumpigishi mtu simu nyumbani.

Hapa lakini kuna jambo ambalo mimi mwenyewe, nisiyependa kamari, lilinitatiza. Bahati nasibu nyingi za taifa hurudisha kwa wachezaji karibu nusu tu ya wanachotoa. Kwa hiyo ukipima kwa dau moja moja, dereva wa Naluwerere amepata bei nzuri kuliko bibi wa Manchester aliyepanga foleni kununua tiketi halali. Anayesema odi za vibandani ni wizi na tiketi ya taifa ni uungwana hajakaa na kalamu.

Tatizo liko kwenye saa. Tiketi ya taifa ina droo mara mbili tatu kwa wiki, na wengi hununua moja ya mwisho wa wiki. 49's ina droo ya mchana na ya jioni, kila siku. Anayeweka 2,000 kwa kila droo hizo mbili ameweka 120,000 kwa mwezi, na kwa odi ile ategemee kupoteza kama 37,000. Anayenunua tiketi ya bei hiyohiyo mara moja kwa wiki ametumia 8,000 na kupoteza kama 4,000. Bei nafuu, hasara mara tisa. Na mchezo huu haukuwa hivyo kwa bahati mbaya. 49's ilianzishwa 1996 kwa ajili ya maduka ya kamari ya Uingereza, ambayo sheria ya kwao inayakataza kupokea dau juu ya Bahati Nasibu ya Taifa. Wakajitafutia droo yao, yenye mwendo wa duka: mteja arudi leo, arudi na kesho.

Tena huo ugenini wenyewe. Mashine iko mbali na kibanda, sawa, lakini anayelipa hayuko mbali. Ukicheza namba tano odi inaweza kusoma zaidi ya laki moja, na 2,000 yako kwenye karatasi inakuwa zaidi ya milioni 200. Soma masharti: kampuni nyingi zina kikomo cha malipo kwa risiti moja. Kikiwa, tuseme, milioni 50, basi ile odi kubwa ni pambo la ukutani, kwani umelipia nafasi ya milioni 200 ambayo haipo.

Kwenye tovuti zinazopokea dau juu ya jakpoti, yaani zawadi kuu, ya bahati nasibu kama Powerball ya Marekani, ambayo nafasi yake ni moja katika 292,201,338, kampuni hukata bima ya kulipa iwapo mtu atapata. Wapo waliolipwa kweli. Lakini kama tovuti haina leseni ya Uganda na imegoma kulipa, utamshitaki nani, na wapi: Bugiri, au Gibraltar, eneo la Uingereza zilikosajiliwa baadhi ya tovuti hizo? Mwenye leseni ya Kampala angalau unaweza kumpeleka mbele ya Bodi ya Taifa inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kamari, iliyowekwa na sheria ya 2016.

Kuna nchi zilizokata kauli. Australia ilipiga marufuku dau juu ya matokeo ya bahati nasibu kuanzia Januari 2019. Uingereza mwaka 2018 ilifunga mlango wa kubeti droo za nchi nyingine za EuroMillions, bahati nasibu ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya. Hoja mojawapo ni kwamba tiketi halali huchangia michezo, sanaa na mambo ya jamii, na dau la pembeni halichangii. Hoja hiyo ina uzito London. Ila sioni kwa nini dereva wa Naluwerere alaumiwe kwa kutochangia makumbusho ya Liverpool. Kwetu swali ni kodi ya Uganda na mfuko wa mchezaji.

Na marufuku yetu tunaijua ilivyo. Januari 2019 serikali ilitangaza agizo la Rais kwamba kampuni za kubeti zisipewe leseni mpya, na za zamani zisihuishwe zikiisha. Vibanda bado vipo. Sheria ya 2016 inataka mchezaji awe ametimiza miaka 25, umri mkubwa kuliko wa kupiga kura, lakini utingo aliyesimama nyuma yangu pale Naluwerere sidhani alikuwa amefika 20, na keshia hakumwomba kitambulisho. Ukifunga kibanda, simu iko mfukoni, na huko ndiko kwenye tovuti zisizo na leseni.

Kwa hiyo sisemi ifungwe. Ningetaka Bodi ilazimishe kitu kimoja kwenye risiti, chini ya odi: nafasi halisi, na kiasi kinachorudi katika kila 100. Kwa ile risiti ya 8 na 31 ingesomeka: nafasi 1 katika 78, kinachorudi 69. Ni mstari mmoja wa wino.

Nilimwandikia dereva hesabu hiyo nyuma ya risiti yake. Akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Saa ilikuwa mbili kasoro robo, na mkononi alikuwa bado na noti ya 2,000 ya namba nyingine mbili.