Sio elimu, ni vile vifungashio

Hapo mnaposema katazo la mifuko ya plastiki limelegea kwa sababu wananchi hawana elimu mimi nakataa kabisa. Nauza dagaa, maharage na mafungu ya nyanya, vitunguu na pilipili sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, Juni 2019 katazo lilivyoanza hakuna mteja aliyehitaji semina, ndani ya wiki moja watu walishatoa vikapu uvunguni, mama zangu wa Tukuyu wanakuja na ndoo zao, parachichi zimefunikwa majani ya mgomba, na maisha yakaenda. Kilichoharibu ni vile vifungashio vyeupe visivyo na mikono, vile laini mpaka ulambe kidole ndo vifunguke, vilikuwa vya kufungia bidhaa tu ila saa hizi ndo mfuko wenyewe, mtu ananunua vitu vya buku anataka kimoja cha nyanya, kingine cha vitunguu, kingine cha pilipili tatu, na nisipompa anahamia meza ya pili, sasa nifanyeje? Mvua zikianza njooni muone mtaro wa nyuma ya meza zetu, mwaka jana tuliuzibua wenyewe kwa koleo, tope lote limesokotana na hivyo vinailoni, vingine bado vina dagaa ndani, inauma sana. Abanwe anayezalisha na anayeuza kwa jumla, sio mama wa mafungu. Mimi anayekuja na kikapu chake namuwekea nyongeza ya maharage, na wapo wameshazoea. Wenzangu wa Iringa mnaosuka vikapu vya milulu, huko sokoni kwenu watu bado wanavibeba au vimebaki vya watalii?