Biti ngapi kwa kila kituo? Redio ya dijitali na sikio la Nairobi

Mjadala wa kuhamisha redio kutoka FM kwenda dijitali ukizuka, hoja ya kwanza ni ile ile: sauti itakuwa safi kama ya CD. Wanaopinga hujibu kwamba sauti ya dijitali imebanwa, ni kavu, haina uhai, na FM ya kawaida inaishinda. Kila upande una chembe ya ukweli, ila wote wanaruka hesabu inayoamua. Je, kituo kimoja kimepewa kilobiti ngapi kwa sekunde, yaani maelfu mangapi ya biti za data? Na sauti hiyo ilikuwa imeshabanwa mara ngapi kabla ya kufika kwenye mtambo wa kurushia?

FM ndiyo kipimo tulichonacho, kwa hiyo tuanze nayo. FM ya stereo hupitisha sauti hadi kilohezi 15 hivi. Juu yake, kwenye kilohezi 19, kuna mlio wa kuiambia redio kwamba stereo ipo. Sikio la kijana hufika karibu kilohezi 20, la mtu wa makamo mara nyingi halifiki 15. Kwa hiyo FM iliyopokelewa vizuri haimpunji msikilizaji kitu kikubwa. Taabu yake ni mapokezi. Gari likiingia Moi Avenue, katikati ya majengo marefu, wimbi moja linalifikia moja kwa moja kutoka kwenye mnara wa Ngong au Limuru, lingine limegonga ukuta wa kioo likachelewa. Yakikutana kwenye antena yanavurugana, na kila "s" ya mtangazaji inapasuka kama karatasi inayochanwa. Stereo ndiyo huumia kwanza, kwa sababu tofauti ya kushoto na kulia hubebwa juu, kuzunguka kilohezi 38, mahali ambapo kelele ya FM ni kubwa zaidi. Ili stereo itulie, wimbi linahitaji nguvu iliyozidi ile ya mono, yaani sauti ya njia moja, kwa desibeli 20 hivi. Ndiyo maana redio nyingi za gari huteleza zenyewe kwenda mono mawimbi yakififia, na ndiyo maana kubonyeza kitufe cha mono kwenye redio ya mezani huondoa mchirizo papo hapo.

Hapo redio ya dijitali ina ushindi wa wazi. Mfumo wa DAB, yaani redio ya dijitali inayorushwa hewani, hugawa data kwenye vibebaji 1,536, mawimbi membamba yanayokwenda sambamba, na kila alama inayorushwa imeachiwa nafasi ya ziada ya mikrosekunde 246. Mwangwi wa jengo ukifika ndani ya muda huo haudhuru kitu. Hata mitambo miwili inaweza kurusha kitu kile kile kwenye masafa yale yale na mawimbi yakasaidiana. Mtu anayesikiliza akiwa barabarani mjini atapata utulivu ambao FM haiwezi kumpa.

Ila FM ikichoka huchoka polepole: mchirizo, kisha mchirizo zaidi, na taarifa ya habari bado unaifuata. Dijitali husimama wima hadi ukingoni, halafu sauti inagugumia kama mtu aliye chini ya maji na kuzimika kabisa. Kwenye mabonde ya mji huu, na kwenye maegesho ya chini ya ardhi, bila vituo vidogo vya kujazia, kimya hicho kitasikika sana.

Sasa tufike kwenye biti. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa njia mbili: jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128, iliyotokana na kiwango cha MPEG cha mwaka 1993, inabakiza sehemu moja kati ya kumi na moja. Inategemea udhaifu wa sikio. Gita likilia kwa nguvu, sauti ndogo zilizo karibu nalo kwa masafa hazisikiki, na kodeki, yaani programu ya kubana sauti na kuifungua, hukwepa kuzitumia biti. Muziki wenye noti zinazodumu, kama besi au kinanda, hubanwa kirahisi.

Mpe kodeki kayamba uone. Mbegu nyingi zinagonga mabua kwa wakati mmoja, nishati imetapakaa masafa yote, hakuna noti ya kushika na hakuna sauti ya kuficha nyingine. Kila kitu ni muhimu na biti hazitoshi. Kwenye kilobiti 64 za MP3, kayamba huacha kuwa mbegu na kuwa kitu kinachochemka, kama mafuta ya chapati. Makofi ya kwaya huonyesha ugonjwa mwingine. MP3 husindika sauti kwa vipande vya sampuli 576, yaani milisekunde 13 hivi. Pigo kali likitua mwishoni mwa kipande, makosa ya ukadiriaji hutapakaa kipande kizima, hivyo kelele hafifu inatangulia pigo lenyewe. Sikio husamehe kelele inayotangulia kwa milisekunde chache tu. Kodeki nzuri hugundua pigo na kuhamia vipande vifupi vya sampuli 192, lakini vipande vifupi hula biti nyingi zaidi, na kasi ikiwa ndogo hazipo. Anayetaka kujua kama faili imebanwa kupita kiasi asisikilize sauti ya mwimbaji. Asikilize kayamba, njuga, matoazi na makofi.

Redio ya dijitali ilianza na kodeki ya zamani zaidi. BBC ilipowasha DAB mwaka 1995 ilitumia MP2, ambayo inahitaji kilobiti 192 hivi ili muziki wa stereo uwe salama. Baadaye vituo viliongezeka kwenye bomba lile lile, yaani mkondo mmoja wa masafa unaobeba vituo vingi. Vingi vikashushwa hadi 128, vingine hadi 80 au 64 kwa mono, wakati FM ya mji ule ule ilikuwa stereo. Mwaka 2006 BBC ilipunguza Radio 3 kutoka 192 hadi 160, na malalamiko ya wasikilizaji wa muziki wa ala yakairudisha 192. Kwa hiyo wanaosema FM iliishinda dijitali hawazushi. Huko Uingereza ilitokea.

Kinachowakosesha ni kwamba kodeki ile imepitwa na wakati. DAB+, iliyokuja 2007, inatumia kodeki mpya zaidi, HE-AAC. Ndiyo Norway iliyoiegemea ilipozima FM ya kitaifa mwaka 2017, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi lilipoachana na FM mwisho wa 2024. HE-AAC huacha kubeba sehemu ya juu ya masafa, ikatuma maelezo mafupi tu. Kipokezi hunakili sehemu ya chini, hukiinua juu kile ilichonakili na kukichonga kifanane na kilichoachwa. Biti zikipungua zaidi, hata stereo hubebwa kama mono yenye maelekezo ya ala gani ikae upande upi. Kwa mazungumzo ni ajabu njema: mtangazaji kwenye kilobiti 48 anasikika karibu nawe. Kwa taarab, fidla zikipanda pamoja, nusu ile ya kukisiwa huanza kulia kama bati. Kilobiti 96 kwa muziki ni mahali pa kustahili, 128 ni pa raha.

Basi tupige hesabu ya Nairobi. Bendi ya FM ni megahezi 87.5 hadi 108, yaani 20.5. Mahali pamoja vituo hutenganishwa kwa kilohezi 400 hivi ili visiingiliane, na hesabu hiyo inatoa nafasi hamsini na kitu. Ukizungusha kitufe jijini unaisikia bendi ilivyojaa. Bomba moja la DAB+ lina upana wa megahezi 1.536 na, kwa kinga ya kawaida dhidi ya makosa ya mapokezi, hubeba kilobiti 1,152 kwa sekunde. Vituo kumi na viwili vinapata 96 kila kimoja. Ukitaka kumi na vinane, kila kimoja kinapata 64. Ukitaka ishirini na vinne, 48. Vyote vinatumia mtambo mmoja na umeme wa mtambo mmoja, wakati kila kituo cha FM hulipa wa kwake. Ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa dijitali, nzito hata kuliko sauti: redio ndogo ya jamii isiyoweza kulipia mtambo wake inaweza kukodi kipande cha kilobiti 64.

Na hatari iko ndani ya baraka hiyo hiyo. Mwenye bomba analipwa kwa kila kituo, si kwa ubora, hivyo kila mwaka atakuwa na sababu ya kuongeza kimoja. Nashikilia kwamba leseni isipoandika kiwango cha chini, tuseme kilobiti 96 kwa kituo cha muziki na 48 kwa cha mazungumzo, sauti itateremka hadi pale wengi wanapoanza kulalamika, na hapo itakuwa imeshateremka mno.

Upande wa pili una hoja isiyohusu biti: kipokezi. Kuhama kwa televisheni ya Kenya kwenda dijitali mwaka 2015 kulionyesha uchungu wake, mawimbi ya zamani yalipozimwa, vituo vikubwa vikatoweka hewani karibu wiki tatu katika mvutano, na familia zikalazimika kutafuta ving'amuzi. Redio ni ngumu zaidi, kwa sababu nyumba moja ina redio kadhaa: jikoni, kwenye gari, kwenye simu ya kabambe ya mlinzi inayotumia waya wa spika za masikioni kama antena. Kipokezi cha DAB+ pia hula betri kuliko cha FM, jambo zito kwa anayenunua mawe ya redio dukani. FM isizimwe. Dijitali iongezwe kando yake.

Wako wanaosema intaneti imeshamaliza mjadala. Kituo kinachorusha mtandaoni kwa kilobiti 64 kinakula megabaiti 28.8 kwa saa. Kwa 128, megabaiti 57.6. Kwa mtu wa saa sita kwa siku, hiyo ya pili inakaribia gigabaiti 10.4 kwa mwezi. FM humfikia bure, na dijitali ya hewani pia ingemfikia bure.

Yote hayo hayana maana kama kinachoingia kwenye mtambo kimeshaharibika, na hapa ndipo kosa kubwa linafanyika. Wimbo unachukuliwa YouTube, ambako sauti iliyobanwa kwa kodeki ya AAC huwa karibu kilobiti 128, unageuzwa MP3 ya 320 na kuuzwa kwenye flashi kama "sauti ya juu". Faili imevimba, hakuna kilichorudi. Kuibana upya kumeongeza makosa mapya juu ya yale ya kwanza. Ikifika studio, mfumo wa kuchezea nyimbo huenda ukaibana tena, kiungo cha kwenda mnarani tena, kisha kodeki ya redio. Kila kodeki hukisia kinachofichika kwa kutazama sauti halisi. Ya nne inatazama makosa ya tatu zilizotangulia na kuyatumia biti kana kwamba ni muziki.

Udanganyifu huo huonekana kwa macho. Fungua faili kwenye programu ya Audacity au Spek, utazame picha ya masafa. MP3 ya kweli ya 320 hupanda hadi karibu kilohezi 20. Iliyotoka kwenye 128 ina ukuta ulionyooka kati ya kilohezi 16 na 17, na juu yake giza tupu. Studio haina sababu ya kuvumilia hili. Wimbo wa dakika nne kwa FLAC, inayobana bila kupoteza kitu, ni megabaiti 25 hivi, na diski ya terabaiti moja inabeba nyimbo kama 40,000. Kiungo cha mnarani kisichobanwa kinahitaji kilobiti 1,536 tu kwa sekunde, kitu kidogo kwa faiba ya jijini.

Kuna pia mkanganyo wa neno. Kubana data ni jambo moja. Kubana kiwango, ili sauti ndogo na kubwa zilingane na kituo kisikike kikubwa kuliko jirani, ni lingine. Uchovu ambao wengi huulaumu juu ya dijitali mara nyingi unatokana na hili la pili. FM huongeza sauti nyembamba kabla ya kurusha, hivyo mashine yake hulazimika kuzikata ncha kali. Ukipeleka sauti hiyo iliyokatwa kwenye kodeki ya dijitali, umepeleka mikwaruzo ambayo kodeki itaihesabu kama muziki. Dijitali ipewe mkondo wake, bila ongezeko hilo, na kilele kisizidi desibeli moja chini ya kikomo.

Anayetaka kujipima mwenyewe achukue wimbo wenye kayamba kutoka CD kama WAV, yaani sauti isiyobanwa, aubane kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, kwenye 64, 128 na 192, kisha autie kwenye kipimo cha upofu cha ABX, ambapo msikilizaji hubaini sauti X ni A au B bila kuambiwa, ndani ya kichezeshi cha foobar2000. Asawazishe kiwango cha sauti kwanza, kwa sababu chenye sauti kubwa kidogo huonekana kizuri. Atumie spika za masikioni zenye waya, maana Bluetooth hubana upya. Raundi ziwe 16. Akipata 12 au zaidi, ni vigumu kusema alikuwa anabahatisha. Wengi huitambua 64 bila shida, 128 huwagawa watu, na 192 huwashinda wengi. Ajaribu pia wimbo ule ule ulioshuka kutoka CD hadi 128, ukapandishwa 320 na kushushwa tena 128, kisha ausikilize pale kayamba linapoingia peke yake.