Simu Ijaribiwe Maabara au Stendi?

Mwaka 2004 watafiti nchini Denmark walipima kama ni rahisi kutumia programu ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyokusudiwa wauguzi wanaotembea wodini na kifaa mkononi. Kundi moja la wauguzi waliitumia maabara, katika chumba kilichopangwa kama wodi. Kundi jingine waliitumia hospitalini penyewe. Watafiti wakahitimisha kwamba kwenda hospitalini hakukuongeza mengi: kasoro karibu zote zilionekana maabara. Miaka miwili baadaye watafiti wengine, Wadenmark vilevile, walijaribu mfumo mwingine wa simu kwa njia hizo mbili na kupata kinyume chake. Huku nje kasoro zilijitokeza nyingi zaidi, hasa zile za kichwa kuelemewa na mambo mengi kwa wakati mmoja.

Wanaotetea maabara wana hoja nzito kuliko wanavyofikiriwa. Maabara kamera inaona kila kidole kilipogusa, na watu wote wanapewa kazi ileile, kwa hiyo unaweza kuwalinganisha. Kuna watafiti waliofika hadi kuwatembeza watu kwenye mashine ya mazoezi huku wakitumia simu, ili kuiga hali ya njiani. Njia iliyofichua kasoro nyingi kuliko zote ikawa kumkalisha mtu mezani! Sishangai. Aliyekaa ametulia ana nafasi ya kusema kwa sauti anachofikiri, na maneno yake ndiyo yanayoonyesha menyu ilipompotezea njia. Na kwa watengenezaji wenye bajeti ndogo, hesabu ya watafiti Jakob Nielsen na Tom Landauer ya mwaka 1993 bado ni faraja: watu watano tu wanaweza kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro.

Lakini watano gani, na wamekaa wapi? Maabara mtandao hausumbui. Mwite mtu anayesoma polepole, mpe simu ya kitochi, mwambie atume pesa kwa menyu ya namba za nyota na reli. Chumbani atafika mwisho. Stendi, kondakta anaita abiria, jua linapiga kioo, anasita kidogo kwenye hatua ya nne, na menyu inajifunga; inabidi aanze upya. Ukihesabu kasoro kwa ripoti ya maabara, hiyo haimo, ingawa ndiyo inayomfanya amkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri. Kiwango cha kimataifa chenyewe, ISO 9241-11, kinasema urahisi wa matumizi hupimwa kwa watumiaji maalumu, wenye malengo maalumu, katika mazingira maalumu. Mazingira yamo ndani ya maana yenyewe ya neno hilo.

Mfano ninaourudia kila mara ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo, na lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo. Watu walipoachiwa huduma mikononi wakaanza kuifanyia mambo ambayo hayakupangwa: kumtumia pesa ndugu aliye mbali, au kuweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakifika ili wasitembee na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkopo haukuwa tena kiini chake. Kiini kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Maabara ingeweza kuwaambia watengenezaji kwamba kitufe ni kidogo. Isingeweza kuwaambia kwamba wamejenga huduma nyingine kabisa.

Hata hivyo uwanjani, yaani kule watu wanakoitumia simu kila siku, kuna mitego yake, na wanaousifu huwa hawaitaji. Mtafiti mwenye daftari ni mgeni, na mgeni huambiwa "nzuri tu, haina shida." Halafu kumwomba mtu aseme kwa sauti anachobonyeza akiwa katikati ya watu, pesa zake zikiwa kwenye kioo, ni kumhatarisha. Sehemu ya namba ya siri ningeijaribu chumbani, bila kubishana na mtu.

Kwa hiyo naegemea uwanjani, lakini si kwa kila jambo. Maandishi, vitufe na mpangilio wa menyu vimalizwe mezani kwa siku mbili, kwa sababu ni upotevu kumfuata mama sokoni ili agundue neno lililokosewa. Kisha simu iachwe kwa wenyewe wiki kadhaa, na watumie pesa zao. Hapo ndipo tofauti ilipo kubwa. Maabara mtu anatuma shilingi za majaribio, na jina la mpokeaji likitokea anabonyeza kukubali bila kulitazama. Akituma elfu tano yake mwenyewe, kidole kinasimama, anasogeza simu kivulini, analisoma jina mara mbili, na kama herufi ni ndogo anamwita mtoto amsomee.