Mshenga Bandani

Mimi sina ugomvi na kuku. Akiwa kwenye pilau tunaelewana vizuri kabisa. Nisiyeelewana naye ni yule anayetembea kwa miguu yake mwenyewe kwenye tuta langu la matembele, na msimamo huo ninao tangu siku mke wangu aliporudi kutoka kwenye kikoba na ile hoja ya kufuga hapa hapa nyumbani, Kinyerezi.

Hesabu za kikoba unazijua. Kuku kumi wanazaa kuku mia, kuku mia wanazaa kiwanja Bagamoyo. Humo ndani hakuna mwewe, hakuna kicheche, hakuna mdondo. Nikamwambia, mama, kuku wa kienyeji kwa mwaka anakupa mayai 40, akijitahidi sana 60. Anataga kumi na kitu, anaatamia siku 21, kisha anazunguka na vifaranga wake wiki na wiki bila kukutagia hata la kumkaangia mgonjwa. Wanaotaga karibu kila siku ni wale wa kisasa, na hao wanakula chakula cha dukani, hawajui habari za makombo yako ya wali.

"Na mbolea je? Bustani yako mwenyewe inalia mbolea."

Nikamweleza kwamba mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche, lazima ioze kwanza.

"Basi tutaisubiri ioze."

Mtu akishafika mahali pa kuwa tayari kusubiri kinyesi kioze, jua hoja zimekwisha, imebaki nia.

Tukaitisha kikao cha familia. Kijana wetu wa mwisho, wa darasa la tano, alikuwa upande wa kuku kwa sababu alitaka kuwapa majina. Binti yetu mkubwa hakuwa na upande. Alikuwa anasubiri posa kutoka Tanga, na ombi lake lilikuwa moja: muamue mnachotaka, ila msiamue wiki ya wageni. Likaonekana ombi la busara, kikao kikaahirishwa.

Nasema kikao kiliahirishwa. Fundi hakuahirishwa. Nilirudi kutoka msikitini Ijumaa nikamkuta anapiga msumari wa mwisho kwenye banda, nyuma kidogo ya mpapai. Na banda lenyewe unaingia ukiwa umesimama. Nikamuuliza ukubwa wote ule wa nini. Akasema alimuuliza mama ni kuku wangapi, mama akajibu bado hatujaamua, basi yeye akajenga la kutosha uamuzi wowote. Akanionyesha na komeo. Alikuwa analionea fahari lile komeo. Liko kwa nje, na mlango ukirudishwa linaanguka lenyewe na kujifunga. "Hata mtoto akisahau, mzee, lenyewe halisahau."

Sasa nije kwa mama mkwe. Yeye yuko Singida, na Singida kuku si habari. Abiria wa mabasi ya huko wamezoea kusikia buti linawika. Mjadala wetu alikuwa anaufuatilia kwa simu, kwa kusikiliza upande mmoja tu, wa binti yake. Jioni moja nikapigiwa na konda wa basi: "Mzee, njoo stendi ya Magufuli uchukue tenga lako haraka, limeshaanza kugombana na mizigo ya wenzio."

Ndani ya tenga mlikuwa na mtetea kishingo, mpole, hana neno. Na jogoo. Jogoo mwenye damu ya kuchi: miguu mirefu, shingo wima, kifua kitupu nusu, na macho ya mtu anayekudai. Nilipolibeba tenga kutoka Mbezi hadi nyumbani alinitazama njia nzima kupitia kwenye fito.

Kijana akampa jina la Mjumbe, eti kwa sababu alipofika tu alikagua nyumba yote, chumba kwa chumba. Nikamkataza. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, yule wa kweli, tunapakana naye ukuta. Lakini jina la kuku likishashika halitoki, na usiku ule ule mke wangu akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mjumbe kanya jikoni!" Redio ya jirani ikapunguzwa sauti.

Tukamfunga kamba mguuni kwenye mpapai, kama anavyofungwa kuku mgeni mpaka azoee kwake. Akawa anawika saa nane usiku. Mke wangu akataka achanjwe kideri kwanza kabla ya yote, na hapo kwa kweli alikuwa na haki, duka la dawa za mifugo halipo mbali. Chanjo yenyewe si kazi, ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Nikauliza swali dogo tu: nani atamshika Mjumbe ili mwingine amtazame jichoni? Hoja ikawekwa kando hadi baada ya wageni.

Wageni wakaja Jumamosi.

Kwetu baba wa binti haonekani siku ya posa. Anayeongea ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa chumbani na kanzu yangu nisubiri kuitwa. Kwa hiyo yote haya niliyaona dirishani, nimeshika nondo kwa mikono miwili, mila hainiruhusu kutoka.

Walikuja na Noah nyeusi ya kukodi. Watu wa Tanga ni watu wa kujipenda. Gari walikuwa wameliosha njiani likawa linang'aa, mti wetu wa mpapai mzima ulionekana mlangoni mwake. Na Mjumbe pia alionekana. Kijana alikuwa amemfungua kamba dakika chache kabla, kwa maelezo aliyokuja kuyatoa baadaye akiwa amekunja mikono: wageni wakimkuta amefungwa watasema hii familia inatesa.

Mjumbe akamwona jogoo mwenzake ubavuni mwa Noah. Manyoya ya shingo yakasimama. Akaruka, akampiga teke la miguu miwili. Yule wa mlangoni naye akampiga. Akarudi nyuma, akamrudia. Dereva akapiga honi, jambo ambalo Mjumbe alilichukua kama tusi.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguka akashuka mshenga. Mzee wa heshima, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kiua, bakora mkononi, mwili umejaa vizuri. Kazi ya mshenga ni kusuluhisha, na nadhani alishuka kwa moyo huo. Akamnyooshea bakora, akasema kwa upole, "Hebu we, shii."

Mjumbe akamsahau wa mlangoni.

Sitaki kusema mzee wa watu alikimbia. Niseme alipita haraka. Alipita haraka kuuzunguka mpapai, akapita haraka katikati ya matembele yangu, tuta la kwanza, la pili, na kuku nyuma yake naye anapita humo humo, na mimi dirishani nasema kimya kimya, pembeni, mzee wangu, pita pembeni. Mlango wa nyumba ulikuwa mbali. Uliokuwa wazi karibu ni wa banda, jipya, limemwagwa maranda safi asubuhi ile. Akaingia. Akaurudisha mlango.

Komeo halikusahau.

Kina shangazi waliokuwa uani walisikia kishindo, wakadhani barua imeshapokelewa. Wakapiga vigelegele.

Kaka yangu akatoka barazani, ameshika kitabu chake cha kumbukumbu. Akatazama banda. Akatazama jogoo, ambaye alikuwa anatembea mbele ya mlango wa banda, huku na huku, zamu ya ulinzi. Mtu mwingine angetafuta fagio. Kaka yangu akatoa salamu.

"Asalaam aleikum. Karibuni sana."

"Waaleikum salaam," sauti ikatoka bandani. "Tumeshakaribia."

Wakaulizana hali, safari, mvua za Tanga. Kisha kaka yangu akaamua kwamba kwa kuwa mgeni ameshaingia ndani ya eneo na akidi imetimia, hakuna kinachozuia shughuli kuanza. Akaagiza kiti. Kikawekwa mbali kidogo na zamu ya Mjumbe.

Mshenga alikuwa bingwa, lazima nimpe haki yake. Akajipangusa maranda begani, akashika wavu kwa mkono mmoja, akamshukuru Mungu, akatuma salamu za wazee wote mmoja mmoja, hata waliofariki. Kisha akaingia kwenye maneno yenyewe, ambayo bila shaka alikuwa ameyaandaa tangu Tanga.

"Ndugu zetu, sisi huko kwetu kuna jogoo..."

Akasita. Mjumbe alikuwa amesimama, ameinamisha kichwa upande, anamsikiliza.

"Kwetu kuna njiwa," akasema mshenga. "Kuna njiwa wetu mmoja mtulivu, ameona tundu hapa kwenu."

"Njiwa tumemsikia," akasema kaka yangu, anaandika. "Ana ushahidi?"

Ushahidi ni barua, na barua ya posa haiji mikono mitupu, bahasha ilikuwa nene. Haikupita kwenye tundu la wavu. Akaikunja mara mbili, ikaanza kupita, na ncha ilipotokeza nje Mjumbe akaidonoa. Wakavutana. Mshenga huku, jogoo kule, na katikati mustakabali wa binti yangu. Nikasikia kilio chumba cha pili.

Shangazi mmoja, katika wale wanaojua haki zao, akaona hapa ndipo mahali pake. Akasogea hadi mwisho wa ukuta akasema kwa sauti, "Hatujaona kifungua mlango!"

"Mama," akajibu mshenga, na kwa mara ya kwanza upole ulipungua, "mlango wa kufunguliwa ni huu hapa, aliye ndani ni mimi. Kifungua mlango niwadai nyinyi au mnidai mimi?"

Kaka yangu akasema hilo ni swali la kisheria. Akageuza ukurasa.

Aliyemtoa mwishowe ni kijana. Alikwenda kumchukua mtetea, akampakata kifuani, akapita naye taratibu mbele ya Mjumbe kuelekea upande wa pili wa nyumba. Mjumbe akatazama banda, akatazama mtetea, akaacha kazi. Dereva akaruka akafungua komeo.

Pilau ililiwa. Ilikuwa ya nyama ya ng'ombe, na nashukuru, maana sijui ya kuku ingepokelewaje siku ile. Mshenga alikula kimya, unyuzi wa maranda ukiwa bado kwenye kofia na hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliponawa mikono akamsogelea kaka yangu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yule jogoo anauzwa.

Posa ilikubaliwa. Mjumbe aliondoka na Noah jioni ile ndani ya tenga lake mwenyewe, kwa kauli ya kaka yangu kwamba hajauzwa, ametangulia tu kuangalia ukweni. Jirani yetu, mjumbe wa kweli, alipoambiwa mtaani kwamba mjumbe kahamia Tanga alikuja hodi kuuliza maana yake.

Mke wangu katika haya yote aliona jambo moja. "Umeona banda lilivyo imara? Mzee wa mwili ule kaegemea wavu, haukupinda hata kidogo." Mimi niliona matuta mawili ya matembele yamelala chini. Mtetea hataki kulala bandani, anataga kwenye karai la kufulia, na mke wangu ameshasema karai hilo lisiguswe mpaka siku 21 zitimie. Nikasema lakini hatujaamua. Akasema ndiyo, hatujaamua, ila lisiguswe.

Usiku nikampigia mama mkwe. Nilitaka ajue, kwa heshima zote, mzigo wake ulichofanya. Nikamsimulia tangu honi hadi kifungua mlango. Upande wa pili kimya, kisha nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

"Pole, baba. Huyo hata huku alishamfungia ustadhi wa madrasa chooni tangu adhuhuri hadi alasiri. Ndiyo maana nikasema aende kwa mkwe wangu, kwako kuna bustani, atatulia."

"Sasa ameshaenda Tanga, mama."

"Ah, basi usibaki mpweke. Jumanne uende tena Magufuli, nakutumia mdogo wake. Huyo mpole. Amemkimbiza mtu mmoja tu, tena bwana afya."