Saa kumi na moja ya nani?

Mama mmoja anayenunua dagaa pale Kibirizi alinipigia simu na ile hasira ya kistaarabu, inayoanza kwa kukuita mwanangu. "Mwanangu, daftari lako linasema boti iliingia saa tano asubuhi. Boti ya dagaa gani hiyo? Saa tano mimi nimeshaanika, nimeshageuza."

Alikuwa sahihi. Wavuvi wetu hapa Kigoma hukesha ziwani na taa zao na kurudi alfajiri. Ujumbe alioutuma kwenye daftari la kidijitali nililomtengenezea ulisema "boti imeingia saa 11, ndoo sita". Wakala akaandika 11:00, na daftari, kwa utiifu wake wote, likaisoma kuwa saa tano asubuhi. (Nikisema wakala simaanishi yule wa kutoa pesa pale Mwanga. Namaanisha programu ya akili unde inayosikiliza mtu anataka nini, halafu inaamua yenyewe itumie zana ipi, yaani kipande kipi cha programu kinachofanya kazi moja, kama kuandika mzigo daftarini.) Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku mbili kabla, ujumbe wa namna ileile aliuandika vizuri kabisa, 05:00. Kosa linalotokea kila siku utalinasa. La leo lipo kesho halipo ndilo linalokula mtaji wa watu.

Nilitaka kuilaumu modeli, ile akili unde yenyewe iliyo ndani ya wakala. Nikafungua kwanza maelezo ya zana niliyoyaandika kwa mkono wangu: "andika_mzigo: huandika mzigo." Basi. Na mbele ya sehemu ya kujaza saa nilikuwa nimeandika neno moja: "saa". Hata ningemwajiri kijana na kumpa karatasi ile angekosea, ila kijana angeona mashaka akanyanyua simu. Wakala asipoambiwa aulize, mara nyingi atakisia, tena kwa kujiamini.

Kwenye MCP, itifaki ya kuunganisha akili unde na zana ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa jina, maelezo, na skima, yaani mpangilio wa vitu inavyopokea. Maelezo si lazima. Ukiyaacha zana inasajiliwa vilevile, na hapo ndipo waandishi wa programu tunapojidanganya. Modeli haioni msimbo wangu wala jedwali langu, na haijui kwamba nimehifadhi saa kwa mtindo wa saa 24. Inaona yale maneno niliyoyaandika usiku nikiwa nimechoka.

Saa ilikuwa rahisi kurekebisha. Iliyonisumbua ni mali kauli. Nina zana mbili, andika_mauzo na andika_deni, na kwangu tofauti yake iko wazi kama mchana. Mama akatuma: "Wa Tabora nimempa gunia tatu mali kauli." Wakala akaona mzigo umetoka, mteja yupo, akaandika mauzo. Jioni daftari likamdai fedha ambayo bado iko mfukoni mwa mtu Tabora. Nilipokaa kuandika upya, maelezo ya andika_mauzo yakawa hivi: "Tumia pale tu fedha imeshapokelewa. Mtumiaji akisema mali kauli, amekopesha, au atalipwa baadaye, usitumie hii, tumia andika_deni." Hilo "usitumie hii" limenisaidia kuliko kila kitu kingine nilichobadilisha. Tumezoea kuieleza zana kwa yale inayofanya, tukidhani mipaka yake itajulikana yenyewe.

Kwenye ujumbe wa makosa nilikuwa na aibu nyingine. Zana yangu ilikuwa ikijibu "Ombi limeshindikana", na wakala anarudia ombi lilelile mara tatu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Sasa inamjibu: "Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24. Saa 11 alfajiri ni 05:00." Jaribio la pili linapita.

Usichukue hili ukaenda kuandika insha. Maelezo ya zana kwa kawaida huingia kwenye muktadha wa modeli, yaani yale yote inayoyasoma kabla ya kujibu, pamoja na mazungumzo, na tokeni, vile vipande vya maneno inavyosoma, zinalipiwa. Mimi niliwahi kuweka humo hadi sababu za kuanzisha daftari, upuuzi mtupu. Mfano ninaoupenda ni mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, wa mwaka 1971: kurasa fupi, na ndani yake sehemu ya kutaja kasoro za programu, imeandikwa na wenye programu wenyewe. Nami kwenye kila zana nimeongeza mstari wa yale isiyoweza.

Wenzangu wananiambia najisumbua, modeli zinakua na zitaelewa zenyewe. Saa ya Kiswahili labda. Lakini gunia? Kuna gunia la kawaida na kuna lumbesa, na kilo za gunia la leo anazijua aliyelijaza peke yake. Modeli ikue ifike mbinguni, hilo haitalijua. Kwa hiyo nikaandika: "Usigeuze gunia kuwa kilo. Kama kilo hazikutajwa, muulize."

Wiki iliyopita mama akapiga tena. "Mwanangu, huyu mtu wako siku hizi ana maswali kama watu wa mizani. Kila gunia, kilo ngapi, kilo ngapi."

Nikamuuliza, na wewe unamjibu nini?

"Namjibu. Juzi nikaamua nipime kweli. Kumbe yule wa Tabora alikuwa ananipunja."