Wahispania Wanakula Saa Ngapi?

Mimi sina ugomvi na historia. Ikae kwake, nami nikae kwangu, tukikutana njiani tusalimiane. Ugomvi wangu ni na mtu anayeniamsha alfajiri, akanitembeza juu ya mawe mpaka saa sita mchana, halafu nikimwuliza chakula kiko wapi ananijibu, "Jiko bado."

Bado! Saa sita mchana! Kwetu saa hiyo mama lishe ameshaosha sufuria la kwanza na kubandika la pili.

Tulikuwa wanne, wabeba maboksi wa Antwerp, tumejichanga kwenda kuizunguka Hispania ya kaskazini kwa gari. Wazo lilikuwa la Mwalimu, Mkenya wa Nakuru, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea ila kasoma kitabu kimoja cha historia ya Hispania na tangu siku hiyo hanyamazi. Alikuwepo Shehe wa Tanga, ambaye kazi yake safari nzima ilikuwa kuuliza kama ndani mna nguruwe. Alikuwepo Papaa wa Lubumbashi, dereva wetu, kavaa viatu vyeupe pee tangu uwanja wa ndege. Na mimi, niliyepiga kura ya kwenda ufukweni. Kura hazikutosha.

Tulilipia gari la watu watano na mizigo yao. Tulichokabidhiwa Bilbao ni kigari ambacho ukisukuma buti lifunge, kiti cha mbele nacho kinasogea. Begi la Papaa lenye suti zake nililipakata mimi mpaka miguu ikafa ganzi. Bilbao kwenyewe tulipita tu. Pale mbele ya makumbusho ya Guggenheim kuna mbwa wa maua, ana urefu wa mita 12, na ndani yake mmepitishwa mabomba ya kummwagilia. Mbwa ana ratiba yake ya kunywa. Sisi hata chai hatukunywa, kwa sababu Mwalimu alisema tuwahi kwenda kuona kuku.

Kusikia kuku nikafurahi sana.

Mji unaitwa Santo Domingo de la Calzada. Unaingia kanisa kuu, unainua macho, na ukutani juu kabisa kuna banda la mawe la karne ya 15, limenakshiwa, lina taa, na ndani yake jogoo na tetea weupe, wazima, wanadonoa. Ndani ya kanisa! Mwalimu akaanza. Zamani kijana mmoja alikuwa akipita hapo na wazazi wake kwenda kuhiji Santiago, mji wa hija kule magharibi. Binti wa nyumba ya wageni akamtaka, kijana akakataa, binti akamfichia chombo cha fedha mzigoni na kumsingizia wizi. Kijana akanyongwa. Wazazi wakaenda zao kuhiji, wakarudi, wakamkuta ananing'inia palepale na bado anaongea. Mbio kwa hakimu. Hakimu yuko mezani, akawacheka: mwanenu kama yu hai, basi na huyu kuku wa kuchoma ninayetaka kumla yu hai. Kuku akainuka kwenye sahani, akawika.

Watu wote wakisikia kisa hiki humhurumia kijana. Mimi nilimhurumia hakimu. Mtu umefanya kazi kutwa, umenawa mikono, umekaa, saa yako ya kula imefika, na chakula kinasimama na kukuondokea.

"Nyama pekee ninayoweza kuila Hispania hii," Shehe akasema kwa uchungu, "wameipandisha ukutani."

Sasa hapa niwaeleze mambo ya saa, maana ndiyo chanzo cha mateso yangu yote. Ukiitazama ramani, Hispania iko chini ya Uingereza, mstari mmoja wima. Lakini mwaka 1940 dikteta wao, Franco, alisogeza saa za nchi nzima mbele ziende na za Berlin, na mpaka leo hakuna aliyezirudisha. Matokeo yake, mwezi wa Juni kule Galicia jua linazama saa nne usiku na dakika zake juu. Saa nne usiku, jua! Kwetu jua linajua wajibu wake: saa kumi na mbili na kitu limeshakwenda, watoto wanaitwa ndani. Huku saa tatu na nusu usiku watoto wanacheza mpira uwanjani, bibi zao wamekaa kwenye mabenchi wanakula aiskrimu, na mtu mzima kutoka Morogoro anajiuliza kama alale au afue nguo.

Na tumbo lao limefuata saa zao. Chakula cha mchana kinaanza saa saba na nusu, saa nane ndiyo kimepamba moto, saa kumi jiko linafungwa. Maduka nayo, ukitoa yale makubwa, saa nane yanashusha mlango mpaka saa kumi na moja. Cha usiku ni kuanzia saa tatu. Ukifika saa kumi na robo na njaa yako, ni wewe na Mungu wako. Na sisi, kwa sababu ya Mwalimu na makaburi yake, tulikuwa tunafika saa kumi na robo kila mahali.

"Bale batu banakulaka saa ngapi?" Papaa akauliza tukiwa Burgos, mbele ya mlango wa tatu uliofungwa.

Shehe yeye shida yake ilikuwa nyingine. Magharibi saa nne, isha inagonga karibu na usiku wa manane, alfajiri inamkuta hajageuka ubavu. Alishukuru sana msafiri karuhusiwa kujumuisha swala.

Burgos wana kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1221, na ndani amezikwa El Cid, yule shujaa wao aliyefia Valencia mwaka 1099, pamoja na mkewe Jimena. Mwalimu alisimama juu ya kaburi lile muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisimama kwenye msiba wa mtu tunayemjua. Akatueleza kwamba El Cid alipigana upande wa mfalme Mkristo, wakakorofishana, akaenda kumpigania mfalme Mwislamu wa Zaragoza.

"Kumbe alikuwa mtu wa ajensi," nikasema.

Mwalimu alinuna. Lakini ni kweli si kweli? Anapelekwa zamu ilipo, anapiga kazi, mkataba ukiisha anahamishiwa bohari nyingine.

Mtu aliyenigusa Burgos hakuwa El Cid. Ni sanamu moja iko juu ukutani mle kanisani, wanaiita Papamoscas. Kila saa ikigonga, inafungua mdomo na kuufunga. Watu wamekusanyika chini na simu zao, wanacheka. Mimi sikucheka. Yule jamaa nilijua anachosubiri.

Miji hii ya kale ina jambo lingine ambalo matangazo ya utalii hayalisemi. Unakodi gari ili ufike mjini, na ukifika, gari haliingii. Vichochoro vimewekewa vinguzo vya chuma vinavyopanda kutoka ardhini, ramani ya simu nayo haina habari, inakwambia "geuka kushoto" ndani ya ngazi. Kwa hiyo unaliacha gari kwenye maegesho ya chini ya ardhi, yaliyochimbwa na mtu aliyekuwa anatumia baiskeli, halafu unakokota mabegi juu ya mawe ya mviringo mpaka gurudumu linaamua kubaki. Begi la Papaa lilibaki na gurudumu moja kuanzia León.

León, hata hivyo, sitaisema vibaya. León ukiagiza kinywaji unaletewa na kisahani cha chakula bure. Bure! Mtaa mzima, Barrio Húmedo, baa mlango kwa mlango. Nilitaka kuhamia. Bahati mbaya kwa Shehe, kila soda aliyoagiza ilikuja na kitimoto: kitimoto cha kukausha, soseji ya kitimoto, damu ya kitimoto iliyopikwa na wali. Mhudumu mmoja alimhakikishia kwamba sahani ile haina nyama, ni mkate na jibini tu, na kipande kidogo cha jamón, kitimoto kilekile cha kukausha, kwa ajili ya ladha. Akaletewa basi cecina, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, fahari ya León. Shehe akaitazama kwa matumaini, kisha akauliza, "Kachinja nani?" Nikaila mimi. Mwisho wa jioni mwenzetu amejaa gesi na mimi nimeshiba visahani vyake vyote. Yeye riziki yake Hispania nzima ilikuwa chipsi mayai, ambayo wenyewe wanaiita tortilla na wanakukatia kipande baridi, juu yake mkate. Wanga kwa wanga.

Na vioo vya kanisa la León, tusiongopeane, ni vizuri. Karibu mita za mraba 1,800 za vioo vya rangi, jua la asubuhi likipita unasimama ndani ya bluu na nyekundu. Nilisahau tumbo kwa muda. Mwalimu akaona nimenyamaza, akaanza kunieleza, nikalikumbuka tena.

Astorga ndiko nilikoanza kuwaelewa kidogo watu hawa. Kuna kasri la askofu, kazi ya Gaudí, msanifu majengo wao maarufu, minara kila pembe. Askofu aliyeliagiza akafa mwaka 1893, Gaudí akagombana na waliobaki akaondoka, wengine wakaja kulimalizia mwaka 1913, na hakuna askofu aliyewahi kuishi humo. Tulisimama wanne kimya. Kila mmoja wetu ana nyumba kama hiyo kwao, imeezekwa, ina geti, ina mlinzi, na mwenyewe hajalala hata usiku mmoja. Papaa alivua kofia.

Halafu wakatuletea chakula chao, cocido maragato, na kila kitu kikageuka kichwa chini. Nyama kwanza! Mlima wa nyama, mchana kweupe. Zikaja dengu kubwa na kabichi. Mwisho, wakati mtu anatafuta kijiti cha meno, ikaja supu. Wenyewe wanasema kama kuna kitakachobaki, bora ibaki supu. Hiyo ndiyo falsafa pekee niliyoielewa safari nzima. Nyumbani kwetu mtoto unakalishwa na mchuzi na ugali, nyama unaiona kwa mbali inavyozungushwa na wakubwa, na ikikufikia ni mfupa.

Kutoka hapo mpaka Santiago barabara ilijaa mahujaji. Watu na afya zao, wana kazi nzuri, wana magari kwao, wamelipa nauli ya ndege ili watembee. Njia ile ya kutoka mpakani mwa Ufaransa ni karibu kilomita 780. Wamevaa makombe ya baharini shingoni, malengelenge miguuni, wanatabasamu. Tukawapigia honi, wakatupungia fimbo. Cheti cha hija hupewi mpaka utembee angalau kilomita 100. Papaa alitaka kujua kama kukaa nyuma ya usukani kwenye mashimo ya maegesho kunahesabiwa. Hakuhesabiwi.

Mle kanisani Santiago wana chetezo. Chetezo cha ubani, lakini kina kilo 53 kikiwa kitupu, kimefungwa kamba darini, wanaume wanane wanakivuta mpaka kinaruka kutoka ubavu huu wa kanisa hadi ule. Kwetu bibi anakishika kwa vidole viwili anafukizia kanga. Nilitamani kukiona kinaruka. Hakikuruka, kinaruka sikukuu, au mtu akichangia. Sikuchangia.

Lakini Mwalimu alitoa kisa kimoja pale ambacho nakubali kilikuwa na maana, ingawa maana aliyoiona yeye siyo niliyoiona mimi. Mwaka 997 Almanzor, jemadari Mwislamu, alikuja kutoka Córdoba, akauvunja mji, akachukua kengele za kanisa. Zikabebwa na mateka Wakristo mpaka Córdoba. Ikakaa hivyo mpaka 1236, mfalme Fernando III akaiteka Córdoba, akaamuru kengele zirudishwe. Zikabebwa na mateka Waislamu mpaka Santiago. Mwalimu anazungumzia falme, dini, heshima. Mimi nafikiria mabega. Kengele zimekwenda na kurudi, wakubwa wamechongewa sanamu juu ya farasi, na hakuna anayejua majina ya waliozibeba. Nilimtazama Papaa, nikalitua begi lake chini palepale uwanjani.

Oviedo sitaisemea mengi. Kuna kasri la karne ya 9 juu ya kilima, na kilima hicho tulikipanda kwa miguu. Usiku tukaingia kwenye mabaa ya sidra, pombe ya matufaha. Huko humimini mwenyewe. Mhudumu anainua chupa juu ya kichwa, glasi kaishusha mpaka pajani, anatazama pembeni, na kumwaga. Tone linaloingia ndilo lako, unalinywa hapohapo. Linalobaki linaruka. Liliruka kwenye viatu vyeupe vya Papaa, na mhudumu akarudi tena, na tena, kwa furaha, kwa sababu chupa lazima iishe. Papaa alitamka maneno ya Lubumbashi ambayo sijafundishwa.

Siku ya kurudi, Mwalimu akabakiza pango la Altamira. Michoro ya nyati, ya maelfu ya miaka. Mwaka 1879 bwana mmoja, Sautuola, alikuwa anachimbachimba chini akitafuta mifupa, binti yake wa miaka minane akainua macho darini akaona wanyama. Mabingwa wakasema baba kaghushi. Akafa mwaka 1888 akiitwa mwongo, wakaja kumsafisha mwaka 1902. Nikasema haya, hili twende. Tumefika, tumelipa, tumepanga foleni, tumeingia, Shehe anamaka "Subhanallah", ndipo Mwalimu ananong'ona kwamba hili siyo pango. Pango lenyewe liko kando, lilifungwa mwaka 2002, pumzi zetu zinaharibu rangi. Hili ni nakala.

"Tumevuka Ulaya kuja kuona fotokopi?"

"Fotokopi nzuri," akasema Mwalimu.

Tulitoka mbio. Kwa mara ya kwanza safari nzima tulifika mlango wa mkahawa saa nane kamili mchana, jiko linawaka, harufu mpaka barabarani, meza zimetandikwa. Nilikaribia kulia. Mhudumu, kijana mpole sana, akauliza kama tumeweka nafasi. Ilikuwa Jumapili, kila meza ina ukoo wa mtu. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole, akatutafutia kwa moyo mmoja, na uso wake ukachanua: amepata meza ya watu wanne, nzuri, karibu na dirisha, saa tatu usiku.

Ndege yetu ilikuwa saa mbili.