Kusoma bure tushapata, kuandika je?

Kuna jamaa yangu yuko Wete, Pemba, kazi yake maabara na kupita majumbani kuchukua sampuli za watoto, juzi kanitumia linki ya makala ya utafiti waliofanya wao, kaifungua kwenye simu yake bila kulipa hata senti moja na furaha aliyokuwa nayo ungedhani kapata mtoto. Mie nikashuka mpaka chini kabisa pale penye herufi ndogo ndogo ambapo watu hawasomi. Pameandikwa kwamba ada ya kuiweka makala wazi imelipwa kwa mkataba wa maktaba za vyuo vya nchi moja ya Ulaya. Jina la jamaa yangu la sita. Na yule mwandishi wa mawasiliano, yaani ukitaka kuuliza lolote unamuandikia yeye, yuko huko huko kwenye mkataba.

Sasa hapo ndo pana mjadala wangu.

Kwa asiejua, mambo yalikuwa hivi. Maktaba za vyuo zilikuwa zinalipa kila mwaka ili watu wake wasome majarida, na bei ikipanda kila mwaka wao walipe tu, mana watafanyaje. Fikiria mkulima wa karafuu achume mwenyewe, aanike mwenyewe, achambue bure, apeleke ghalani bure, halafu siku akitaka karafuu za chai aambiwe anunue kwa bei ya dukani. Ndo ilivyo: mtafiti anaandika bila kulipwa, wenzake wanaipitia makala bila kulipwa, kampuni inauza. Elsevier peke yake, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, faida yake inachezea kwenye 37 au 38 kwa mia, biashara gani nyengine halali utapata hivyo? Na kwenye karafuu unajua tena, bei ikikaza watu wanavusha magendo Mombasa, na huku magendo yake ni Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bure bila ruhusa ya wachapishaji, ambayo dada mmoja wa Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, kaianzisha mwaka 2011. Na tusijifanye, nani hapa kaandika tasnifu yake bila kupita huko?

Kwa hiyo maktaba zikasema basi, zile zile pesa za kusomea tuzigeuze: tunakulipa, watu wetu wasome vyote, na wakiandika, makala zao ziwe wazi kwa dunia nzima. Ndo hiyo inaitwa mikataba ya mpito. Ujerumani wakajikusanya pamoja kwa jina la DEAL, wakasaini na kampuni za uchapishaji, Wiley mwaka 2019, Springer Nature 2020, karibu yuro 2,750 kwa kila makala, na Elsevier wakasubirishana mpaka 2023. Chuo Kikuu cha California ndo walinifurahisha zaidi, 2019 walivunja mazungumzo na Elsevier wakakaa miaka miwili bila mkataba, chuo hakikufa, 2021 wakarudi mezani na masharti yao. Sweden nao walishafanya hivyo hivyo 2018.

Mimi siwabezi hata kidogo. Faida yake tunaiona huku kwetu kwa macho. Sikiliza, huku Pemba tumetafitiwa mpaka basi. Ule utafiti wa madini ya chuma kwa watoto wadogo uliotoka kwenye The Lancet mwaka 2006, watoto zaidi ya elfu 24, na ukagundua kwamba kuwapa chuma watoto wote ovyo kwenye sehemu yenye malaria nyingi kunaweza kuwaongezea kulazwa na hata vifo, ulibadilisha miongozo ya dunia nzima, na watoto wenyewe ni wa hapa. Kitu kama hicho mtu wa hapa hatakiwi aombe ruhusa kukisoma. Halafu chukua utafiti wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, makala zake nyingi zimetoka kwenye majarida ya wazi tokea mwanzo, leo afisa wa afya wa Micheweni akiwa na bando tu anasoma konokono wanaobeba kichocho wametiwa dawa wapi na imefanya nini. Hiyo si kitu kidogo jamani.

Na kwenye kusoma hata bila mikataba ya Wazungu tulikuwa na njia. Kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kusoma majarida, tokea 2002, siku hizi iko ndani ya Research4Life, na Tanzania tumo kwenye kundi linaloingia bure. Shida yake ni kwamba inapita kwenye taasisi, lazima maktaba yako isajiliwe na mtu akupe nywila, na hiyo nywila mara nyengine anayo mtu mmoja tu na yeye yuko likizo. (Nimewahi kusubiri wiki tatu, chuo sitaji.) Makala ya wazi haina hayo, unabonyeza unasoma.

Sasa upande wa pili, na huu ndo unaonikereketa.

Mkataba unamlipia mwandishi wa mawasiliano aliyeko kwenye chuo cha mkataba. Umeona mtego ulipo? Mkikaa timu moja, mmoja yuko Tunguu, chuo cha Unguja, mwengine yuko Stockholm kwenye chuo cha mkataba, likija suala la nani awe mwandishi wa mawasiliano hakuna haja ya ugomvi, pesa ishaamua. Wa Tunguu akiwa yeye mnatafuta dola elfu mbili au tatu, wa Stockholm akiwa yeye ni bure. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe, kila mtu kafanya hesabu tu, lakini baada ya miaka kumi wasomi wetu wote wamekuwa wa katikati ya orodha, na kupanda cheo chuoni wanakuangalia uliongoza makala ngapi. Mie hili naliona zito kuliko hata hiyo bei.

Watu watasema lakini kuna misamaha kwa nchi masikini. Ipo, kweli. Lakini wachapishaji wengi wanatoa msamaha kwa majarida yaliyo wazi kabisa, yale ya mchanganyiko, nusu kulipia nusu wazi, hawatoi. Na msamaha unategemea orodha za watu. Julai 2020 Benki ya Dunia ikaipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, huku tukashangiria, kumbe kwa wachapishaji wanaofata orodha hiyo msamaha wote unakuwa nusu. Nusu ya dola elfu mbili na mia tano ni mishahara ya miezi mingapi ya tyuta? Jarida la Nature lenyewe lilianza na yuro 9,500 kwa makala moja, zaidi ya shilingi milioni 25, unapata kiwanja shamba. Haki isemwe, 2023 wakawasamehe waandishi wa nchi kama zetu. Lakini huo ni msamaha, na aliyesamehe leo kesho anaweza kubadili mawazo.

Tena hata wenyewe wanaanza kuchoka. Jisc, wanaozungumza na wachapishaji kwa niaba ya vyuo vya Uingereza, walitoa tathmini 2024, wakaona kwa mwendo ule majarida ya kampuni kubwa tano yatachukua si chini ya miaka 70 kugeuka yote kuwa wazi. Miaka sabini! Na wale wafadhili wa utafiti wa Plan S, wanaotaka makala wanazozigharamia ziwe wazi, walishasema baada ya 2024 hawaiungi mkono tena mikataba hii ya mpito.

Mimi nnavyoona, mkataba unaotufaa ni wa aina ya EIFL, wanaozungumza na wachapishaji kwa niaba ya nchi kama zetu, na kwa Tanzania wanapitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na utafiti. Humo kuna wachapishaji wanaokubali mwandishi wa Tanzania achapishe wazi bila ada hata kwenye majarida ya mchanganyiko, Cambridge mmojawapo. Hapo mwandishi wa mawasiliano anaweza kuwa wa Tunguu na bado ikawa bure, hesabu ya pale juu inageuka. Nimeuliza watu wangapi kama wanaijua hiyo, wananitizama tu. Mkutubi anajua, mtafiti hajui, na hawakutani.

Na tusisahau cha kwetu. WIOMSA, umoja wa wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, makao yake yako hapa hapa Zanzibar, na jarida lao la sayansi ya bahari linasomeka bure, mwani wetu na matumbawe yetu yamo humo. Ila mpelekee kijana makala ya mwani atakwambia anataka jarida la nje lenye jina, kwa sababu kamati ya vyeo inataka hivyo.

Jamaa yangu wa Wete nimemwambia makala inayofata, kabla hawajaamua nani awe mwandishi wa mawasiliano, waende kwanza kwa mkutubi waulize orodha ya EIFL. Kanijibu kwani hilo linahusiana nini na jina langu. Nimempigia, tumezungumza dakika arubaini, bando limeisha.